Msitu wa serikali ni wa nani? Historia fupi kwa watu wa Taita Taveta

1. Kampeni zikifika Voi, Mwatate ama Wundanyi, maneno mawili hayakosi jukwaani. Huyu atasema, "Msitu ni mali ya serikali, msiguse." Yule atasema, "Mkinichagua, msitu nawarudishia." Wote wawili wameruka historia. Twende nayo polepole.

2. Kabla ya hizi serikali, Wataita walikuwa na fighi, misitu mitakatifu. Wazee ndio waliilinda, na kukata mti huko ovyo ilikuwa mwiko.

3. Mkoloni alipounda Idara ya Misitu mwaka 1902, msitu ukaanza kuwa wa serikali, na mwenyeji akawa mtu wa kuomba ruhusa. Huku chini, mashamba ya mkonge yakachukua ardhi, na 1948 ikaja mbuga ya Tsavo. Leo Tsavo imemeza takriban asilimia 62 ya kaunti. Kwa hivyo ahadi ya "kurudishiwa msitu" inavutia kwa sababu watu wamebanwa kweli.

4. Sheria ya Misitu ya 1942 iliendelea kutumika hata baada ya uhuru. Waziri angeweza kupunguza msitu kwa ilani ya siku 28 kwenye Gazeti Rasmi. Sasa mkulima wa Wundanyi angelisoma wapi hilo gazeti? Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuondoa karibu hekta 67,000 za misitu nchini kwa njia hiyo hiyo.

5. Na kortini je? Mwaka 1989 mwanaharakati mmoja wa miti alishtaki kupinga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi ikatupwa: eti hana haki ya kushtaki, maana hasara haikuwa yake binafsi.

6. Mlango huo ulifunguliwa na sheria ya mazingira ya 1999, kisha Katiba ya 2010 ikaukaza kwa Kifungu cha 70. Siku hizi mtu yeyote anaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

7. Sheria ya Misitu ya 2005 ikaleta vyama vya jamii vya msitu, ile tunaita CFA, na ya 2016 ikaendeleza. CFA iliyosajiliwa ikiwa na mkataba na KFS inaweza kushiriki kusimamia msitu wa umma, na wanachama wakapata asali, dawa za mitishamba, kuni, nyasi, hata utalii. Lakini soma vizuri: huo ni mkataba wa kusimamia na kutumia, si hatimiliki. Ukikiukwa, unaweza kuvunjwa.

8. Na mipaka? Chini ya sheria ya 2016, kupunguza msitu wa umma ni kwa ombi linalopelekwa Bungeni, na haifai kuhatarisha viumbe adimu wala vyanzo vya maji. Mwaka 2021 kuliletwa mswada wa kulegeza utaratibu huo. Watu walipiga kelele, haukuwa sheria. 2023, marufuku ya kukata miti ilipoondolewa, Chama cha Mawakili kilikwenda kortini kikisema wananchi hawakuhusishwa, na korti ikasimamisha uamuzi ule kwa muda.

9. Kwetu hii si hadithi ya mbali. Ngangao, Chawia na Mbololo ni mabaki tu ya msitu mkubwa. Ngangao ni kama hekta 120 hivi. Mto Voi unaanzia kwenye vilima hivyo hivyo. Mtu wa Voi mjini ambaye hajawahi kukanyaga Ngangao ana haki ya kuuliza kunaendelea nini huko juu.

10. Kwa hivyo akisimama wa "nawarudishia," muulize: ombi umelipeleka Bungeni lini, na maji yatatoka wapi? Akisimama wa "msiguse," muulize: mkataba wa CFA yetu uko wapi, unaisha lini, na nani alisaini kwa niaba yetu? Sheria imeshatupa kiti mezani. Tusipokikalia, kuna mwingine atakikalia.