Hamburg, Mji wa Mto na Reli

Hamburg haipo ufukweni. Kutoka bandari yake, mto Elbe hutiririka kama kilomita 100 kabla ya kuingia Bahari ya Kaskazini. Hata hivyo mji huu umeishi kwa vyombo tangu enzi za Hansa, ule muungano wa miji ya wafanyabiashara ulioshika masoko ya kaskazini mwa Ulaya.

Tarehe 5 Mei 1842 moto ulizuka Deichstraße, ukala sehemu kubwa ya mji wa kale kwa muda wa siku 3. Reli ya kwanza ya Hamburg, iendayo Bergedorf, ilikuwa izinduliwe tarehe 7. Sherehe ikavunjwa, na magari yakaanza kazi kabla ya siku yake: yakaleta watu wa kuuzima moto, yakawatoa waliounguliwa na nyumba. Sijui reli nyingine iliyoanza kwa heshima kama hiyo.

Haukupita muda mrefu, mwaka 1849, kampuni ya O'Swald ya Hamburg ikajenga makao Unguja. Ilinunua kauri za pwani yetu na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilitumika kama fedha. Mwaka 1859 miji ya Hansa ikafunga mkataba wa biashara na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja. Biashara hiyo ndiyo iliyomleta Unguja Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, na kwa ajili yake Sayyida Salme, binti wa Sultani Said na dada wa Majid, mzaliwa wa Mtoni, akaihama nchi yake mwaka 1866. Walioana Aden mwaka uliofuata, naye akabatizwa Emily, kisha wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alipata ajali ya tramu ya farasi, akafariki. Binti wa Sultani akabaki mjane mwenye watoto 3 wadogo, ugenini, akitazamia msaada wa nduguze ambao haukuja. Kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, zingali hai. Katika habari zote za mji huu hakuna inayonigusa kama yake.

Mji ukazidi kutajirika. Ili kujenga Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu uliozinduliwa mwaka 1888, watu wapatao 20,000 walihamishwa. Kahawa na viungo vilipandishwa ghorofani kwa kapi kutoka mashuani. UNESCO iliuingiza mtaa huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2015, na haki ni kuwakumbuka pia waliobomolewa nyumba zao. Mwaka 1890 ilianzishwa hapa Deutsche Ost-Afrika-Linie, meli zake zikifika Tanga na Dar es Salaam. Zilibeba barua na mizigo, zikabeba pia utawala wa kikoloni na askari wake.

Mwaka 1911 lilifunguliwa handaki chini ya Elbe, na hadi leo mtu huvuka humo kwa miguu bila kulipa. Kisha ikaja Vita ya Pili ya Dunia, na mabomu ya Julai 1943 yaliua mjini zaidi ya watu 30,000.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, penye kaburi la ukoo wa Ruete. Kutoka Hauptbahnhof, stesheni kuu ya mji, panda treni ya S1 hadi Ohlsdorf. Makaburi yenyewe ni mapana hata mabasi hupita ndani yake. Msomaji wa pwani, ukijaliwa kufika, mzuru yeye kwanza, kisha ndipo ushuke bandarini.