Elimu ya juu ya theolojia katika Kericho na Bomet

Elimu ya juu ya theolojia katika Kericho na Bomet ni mafunzo ya ngazi ya shahada kwa wachungaji, walimu wa Biblia na makasisi wa hospitali wa makanisa ya kiinjili katika kaunti hizi mbili za ukanda wa chai nchini Kenya. Kitovu chake ni Kericho, penye Chuo Kikuu cha Kenya Highlands. Ngazi za uzamili na uzamivu zimetegemea zaidi vyuo vilivyoanzishwa kwa ushirika wa madhehebu, hasa Nairobi.

Chimbuko

Mmarekani Willis Hotchkiss, muumini wa Marafiki (Wakweka), alifika kwanza Ukambani na misheni ya Africa Inland ya Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka 1896. Mwaka 1902 yeye, Arthur Chilson na Edgar Hole walianzisha misheni ya Kaimosi. Mwaka 1905 alihamia kwa Wakipsigis, ambao serikali ya kikoloni iliwaita Walumbwa, akafungua Misheni ya Ufundi ya Lumbwa. Kama jina linavyoonyesha, kazi za mikono zilifundishwa sambamba na Neno.

Katika miaka ya 1930 kazi hiyo ilichukuliwa na shirika la Kimarekani la mapokeo ya utakatifu ya Wesley, ambalo baadaye lilijulikana kama World Gospel Mission. Matunda yake ni Africa Gospel Church (AGC) na Hospitali ya Tenwek, Bomet, iliyoanza kama zahanati mwaka 1937 na kumpata daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury, mwaka 1959. Africa Inland Church (AIC) nayo ilijikita Litein. Wachungaji wake walipelekwa kusoma nje ya eneo: Chuo cha Biblia cha Moffat, Kijabe, au Chuo cha Theolojia cha Scott, Machakos, kilichofunguliwa mwaka 1962 na kupewa hati ya chuo kikuu mwaka 1997.

Kenya Highlands

Chuo hiki cha AGC na wamisionari washirika wake kilianza kama shule ya Biblia, kikapanda kuwa Chuo cha Biblia cha Kenya Highlands. Mwaka 2011 kilipata idhini ya muda ya serikali kikiitwa Kenya Highlands Evangelical University. Kama vyuo vingine vya kanisa nchini, kiliongeza masomo yasiyo ya theolojia, kwa kuwa ada za wachungaji peke yao haziwezi kuendesha chuo kikuu.

Ushirika wa vyuo vya kiinjili

Ushirika huu hauelezeki bila kumtaja Byang Kato, Mnijeria mwenye bidii isiyo kifani. Jumuiya ya Wainjili wa Afrika na Madagaska iliundwa Limuru mwaka 1966, na mwaka 1973 Kato akawa katibu mkuu wake wa kwanza Mwafrika. Kitabu chake kilichojadiliwa zaidi, Theological Pitfalls in Africa, kilichapishwa mwaka 1975 Kisumu, mji usio mbali na Kericho. Desemba ya mwaka huohuo alikufa maji katika pwani ya Mombasa, akiwa hajafikisha miaka 40.

Alichokusudia hakikuzikwa naye. Mwaka 1976 jumuiya hiyo iliunda ACTEA, baraza la kuvipa ithibati vyuo vya theolojia barani, ili cheti cha chuo kimoja kitambuliwe na kingine. Shule mbili za uzamili zilifuata: ya Kifaransa mjini Bangui, mwaka 1977, na ya Kiingereza mjini Nairobi, mwaka 1983, iliyojulikana kama NEGST. Hii ya pili haikuwa mali ya dhehebu moja. Mbaptisti, Mpentekoste na mwana-AIC walikaa darasa moja. Mwaka 2011 ilipata hati na kuwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika (AIU). Mrithi wa Kato, Tokunboh Adeyemo, alihariri Africa Bible Commentary (2006), ufafanuzi wa Biblia ulioandikwa na wasomi 70 wa Kiafrika.

Ithibati ya ACTEA ni ya kitaaluma na ya kikanisa. Haichukui nafasi ya idhini ya serikali, ambayo tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iko mikononi mwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Chuo kinachotaka kutoa shahada hulazimika kutimiza masharti ya pande zote mbili, mzigo mzito kwa taasisi ndogo.

Lugha

Masomo ni kwa Kiingereza. Mhitimu anayerudi kijijini huhubiri kwa Kikipsigis, na kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba makubwa, walikochanganyika Wakisii, Wajaluo na Waluhya, huhubiri kwa Kiswahili.

Masomo ya mbali

Mafunzo ya theolojia kwa njia ya upanuzi, yaliyobuniwa Guatemala mwaka 1963, yalienea Kenya na kumwezesha mchungaji kusoma bila kuacha shamba lake.

Hali ya sasa

Mtindo wa ushirika umevuka mipaka ya theolojia: tangu mwaka 2008 Tenwek inafundisha madaktari wa upasuaji kupitia akademia ya Kikristo ya upasuaji ya Afrika nzima, PAACS. Kwa theolojia, shahada ya kwanza inapatikana Kericho, na njia iliyozoeleka ya uzamivu bado inapitia Nairobi.