Tangazo kwa Nauli

Kubadilishana mali kwa mali ni desturi ya kale, na wenye magazeti nao wameifuata. Ukurasa wa gazeti ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Waweza kubadilishwa kwa chakula, kwa karatasi, au kwa safari.

Huko Marekani, mwaka wa 1907, kampuni ya Bwana Frank Munsey ilipatana na kampuni ya reli ya Chicago, Indianapolis na Louisville. Gazeti la Munsey's Magazine lingepiga chapa tangazo la reli, na reli ingelipa kwa tikiti za safari zenye thamani ya dola 500, wala si kwa fedha. Serikali ikaishitaki reli, nayo ikajitetea ya kwamba tangazo ni malipo halali.

Mwaka wa 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ilikata shauri: nauli ilipwe kwa fedha tu. Sheria ya 1906 ilitaka abiria wote watozwe sawasawa. Lakini thamani ya tangazo hukadiriwa na wapatanao wenyewe, hivyo upendeleo waweza kujificha ndani yake.

Hatusemi ya kuwa mabadilishano ni dhambi, maana hukumu ile ilihusu nauli tu. Lakini chama kikitoa ukurasa wa kitabu chake na kupokea mifuko ya saruji, karani na aandike vyote viwili daftarini, pamoja na bei zake. Lisiloandikwa, mwanachama ataliulizaje?