Sanduku la Leisnig: Riziki ya Kila Siku na Bei ya Unga

Katika sehemu zote za Katekisimu Ndogo tulizokariri kabla ya Kipaimara, ombi la nne la Sala ya Bwana ndilo lililotutoa jasho. Orodha yake ni ndefu. Daktari Martin Luther haishii kwenye chakula na kinywaji. Anataja nguo na viatu, nyumba na shamba, mifugo, fedha, mwenzi mwema, kisha anaendelea hadi hali ya hewa, amani, watawala wema na majirani wa kuaminika. Tulihesabu kwa vidole ili tusiruke kitu. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza mtawala na jirani wanaingiaje kwenye habari ya mkate.

Pengine ni kwa sababu sala yetu ya Kiswahili haitaji mkate. Inataja riziki, na kila Mswahili anajua kwamba riziki ni zaidi ya kilichomo sufuriani. Kibarua ni riziki, mvua ni riziki, mteja wa kwanza asubuhi gengeni ni riziki. Waliotutafsiria walichagua neno lililo karibu sana na maelezo ya Luther. Lakini bado inafaa kujua orodha ile ilitoka wapi, maana haikutungwa na mtu aliyekaa mezani akiwaza mambo mazuri. Ilitoka katika miaka ambayo bei ya chakula ilikuwa ikipanda na watu walikuwa wakigombana juu yake.

Karne ya 16 Ulaya ilikuwa karne ya kupanda kwa bei. Watu waliongezeka kuliko mashamba. Fedha nayo iliongezeka, kwanza kutoka migodi ya Saksonia na Bohemia, baadaye kutoka Amerika. Mgodi mmoja ulioanza mwaka 1516, wa Joachimsthal, ulitoa sarafu zilizoitwa thaler, na ndiko lilikotoka jina la dola tunayoisikia redioni kila siku. Katika karne ile bei ya nafaka huko Ujerumani ilipanda mara mbili na zaidi, na mishahara ya vibarua ikabaki nyuma. Mtu aliyelima chakula chake mwenyewe aliweza kustahimili, ila aliyenunua chakula kwa ujira wa siku aliona mkate ukipungua ukubwa mwaka hata mwaka. Wengi wetu tunaokaa mijini leo, tunaonunua unga kwa kilo na mafuta ya kupima, tunasimama upande wa yule kibarua.

Luther aliyajua haya bila kusoma vitabu vya uchumi. Nyumbani kwake, katika jengo lililokuwa monasteri, walikula watoto, ndugu, wanafunzi wapangaji, wageni na wakimbizi. Aliyejua bei ya kila kitu alikuwa mkewe, Katharina von Bora. Alilima bustani, alifuga nguruwe, alipika pombe ya nyumbani, alipangisha vyumba. Nadhani sehemu kubwa ya orodha ile ya ombi la nne ingeweza kuandikwa na mama yule.

Mwaka 1524 Luther alitoa kitabu kuhusu biashara na riba. Humo anaipinga kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza kwa bei ya juu kadiri wanavyoweza. Anasema muuzaji ana haki ya kurudisha gharama zake na kulipwa jasho lake na hatari aliyobeba, na kwamba jasho hilo alipime kwa kulilinganisha na ujira wa kibarua wa siku. Kisha anazitaja hila moja baada ya nyingine: kununua mzigo wote sokoni ili upange bei peke yako, kuficha bidhaa mpaka ziadimike, kuuza kwa hasara ili kumfukuza mwenzako kisha kupandisha. Mkulima wetu aliyewahi kuuza mahindi kwa lumbesa, gunia limeshonewa kilemba na kulipwa kama gunia moja, atausoma ukurasa ule bila kuhitaji mkalimani.

Na katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, akifika kwenye ombi letu hili, anapendekeza kwamba ngao ya mtawala mcha Mungu ingefaa kuchorwa mkate kuliko simba, na sarafu zake vivyo hivyo, ili watu wakumbuke kwamba kwa kazi yake wanalindwa na kula kwa amani. Ndiyo maana mtawala yumo kwenye orodha. Jirani yumo kwa sababu jirani ndiye anayeuza, anayepima, anayekopesha na anayeficha.

Maneno mazuri hayajazi tumbo, na hapo ndipo historia ya Leisnig inapoanza.

Leisnig ni mji mdogo wa Saksonia. Mwanzoni mwa mwaka 1523 washarika wake walituma wajumbe kwa Luther huko Wittenberg. Walikuwa wameamua kuita wahubiri wao wenyewe na kuweka mali zote za kanisa, yaani mashamba, ada, wakfu wa misa za wafu na sadaka, katika sanduku moja la pamoja. Waliandika kanuni zao, na Luther akazichapisha mwaka huohuo akiziandikia dibaji. Wittenberg ilikuwa imekwisha kujaribu jambo kama hilo mwaka uliotangulia, lakini kanuni za Leisnig zina undani wa ajabu. Zinasomeka kama kumbukumbu za baraza la wazee lenye watu wasioaminiana sana.

Sanduku lilikuwa na kufuli nne. Ufunguo mmoja ulikaa kwa wenye vyeo, wa pili kwa halmashauri ya mji, wa tatu kwa raia wa kawaida, wa nne kwa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kufungua peke yake. Wasimamizi walikuwa kumi: wawili wa wenye vyeo, wawili wa halmashauri, watatu wa raia, watatu wa wakulima. Hesabu kidogo inaonyesha kwamba watu wa kawaida, wa mjini na wa shambani, walikuwa sita kati ya kumi. Walikutana kila Jumapili kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, wakaandika kila kitu katika madaftari, na mara tatu kwa mwaka usharika wote ulikusanyika kusikiliza hesabu.

Fedha zilimlipa mchungaji na walimu wa shule, wa wavulana na wa wasichana. Zililisha wazee wasiojiweza na yatima. Fundi aliyekwama alikopeshwa mtaji, na kama alishindwa kabisa kulipa kwa sababu ya shida, alisamehewa. Mgeni aliyehamia naye alifikiriwa. Kuombaomba kulikatazwa, hata kwa watawa waliokuwa wakiishi kwa njia hiyo, kwa hoja kwamba mahali ambapo mwenye shida anatunzwa hakuna sababu ya mtu kunyoosha mkono mlangoni.

Kuna vifungu viwili ambavyo mimi huvirudia. Cha kwanza kinaagiza vyombo viwekwe kanisani vya kupokea mkate, jibini, mayai, nyama na vyakula vingine, pamoja na sanduku la fedha. Vinavyoharibika upesi vigawiwe maskini mara moja, na vinavyodumu vitunzwe hadi kikao cha Jumapili. Cha pili kinawataka wasimamizi wanunue nafaka na mbaazi mapema na kuziweka katika ghala la usharika, ili siku za uhaba watu wauziwe kwa bei inayowezekana, au wakopeshwe, au wapewe bure, kila mmoja kwa hali yake. Waliona kwamba njaa ya nyumbani mara nyingi haisubiri mvua ikose. Chakula kipo sokoni, ila bei imekimbia mbele ya mkono wa mtu. Wakaamua kununua kabla bei haijakimbia.

Je, ilifanikiwa? Hapana, si kama walivyotaka. Halmashauri ya mji ilikataa kuachia mali na wakfu uliokuwa chini yake. Luther alisafiri hadi Leisnig mwezi Agosti 1523, akamwandikia mtawala Frederick aithibitishe kanuni ile, na mambo yakazidi kusuasua. Sanduku lenye kufuli nne lilikaa na kitu kidogo sana ndani. Wanaotuambia kwamba Matengenezo yaliwashibisha maskini mara moja wanatia chumvi.

Kuna jambo lingine ambalo sisi Walutheri hatulipendi. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliandika madai kumi na mawili. La pili lilisema kwamba zaka ya nafaka wataitoa kwa halali, imlipe mchungaji, na kinachobaki wapewe maskini wa kijiji. Hilo halikuwa mbali na Leisnig. Luther aliwakemea kwanza mabwana kwa ukandamizaji wao, lakini fujo ilipozuka aliandika maneno makali mno dhidi ya wakulima, nao waliuawa kwa maelfu. Siwezi kuyatetea maneno yale, na sioni haja ya kuyaficha kwenye kitabu cha washarika.

Baadaye sauti yake iligeukia tena upande wa wanunuzi. Mwaka 1539 Wittenberg yenyewe ilipungukiwa nafaka, naye akamwandikia mtawala John Frederick kwamba anawashuku wakubwa wa nchi kuinunua na kuizuia. Mwaka uliofuata alichapisha waraka kwa wachungaji, akiwataka wahubiri waziwazi dhidi ya wanaotajirika kwa shida ya wengine, na kwamba asiyetubu asipewe Chakula cha Bwana. Sijui ni wangapi kati yetu tungethubutu kufanya hivyo kwa mfanyabiashara anayelipia bati za kanisa.

Luther alifariki mwaka 1546. Vita vikaja, mashamba ya Katharina yakaharibiwa, na mama aliyekuwa amelisha watu wengi mezani kwake akalazimika kumwandikia barua mfalme wa Denmark kuomba msaada wa kujikimu.

Sasa tuje kwetu. Tanzania tuliwahi kuwa na miaka ambayo fedha ilikuwepo mfukoni na chakula hakipo dukani. Wazazi wetu wanasimulia ukame wa 1973 na 1974, unga wa yanga uliotoka ng'ambo, na foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shida ya leo ina sura nyingine. Duka limejaa. Tuliona mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, jinsi mafuta ya kula, ngano na petroli vilivyopanda kwa pamoja, wala hakuna aliyesema nchi ina njaa. Njaa ya namna hii hukaa ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Mama anapunguza mlo wa mchana, kisha anapunguza wake wa jioni na kuwaambia watoto ameshakula. Daftari la mkopo la mwenye duka linajaa. Halafu anaacha kuja ibadani, kwa sababu bahasha yake ya ahadi ni tupu na jina lake litasomwa.

Na Jumapili hiyohiyo, nje ya kanisa, tunapiga mnada. Mayai, mkungu wa ndizi, kuku, maboga, vyote ni sadaka ya washarika. Yai moja laweza kuuzwa mara tatu: mnunuzi analipa elfu tano, analirudisha lipigwe tena, watu wanacheka na kushangilia. Napenda mnada, una furaha yake na umejenga makanisa mengi. Lakini nikikisoma kile kifungu cha Leisnig naona kwamba mayai yao yalikwenda jikoni kwa mwenye njaa kabla hayajaharibika, na yetu yanakwenda kwa yule anayeweza kulipa zaidi sokoni.

Usharika mmoja ninaoufahamu ulijaribu jambo dogo. Julai, debe la mahindi lilipokuwa rahisi, baraza lilitenga fedha za mnada za Jumapili mbili, likanunua magunia kumi na mawili na kuyaweka katika chumba cha nyuma ya ofisi, yakiwa yamewekwa dawa ya wadudu. Februari, bei ilipokuwa juu na ada za shule zimekwisha kukomba akiba za watu, waliuza kwa bei ileile ya Julai, kilo tano kwa kaya, na nyumba nne zilizotajwa na wazee wa mitaa zilipelekewa bure baada ya giza kuingia. Mama mmoja mzee wa kanisa alidai kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wasio ndugu. Alipingwa, akashikilia, akashinda. Magunia mawili yaliliwa na panya. Mahindi ya mwaka huu yameshanunuliwa, na baraza bado linabishana kama jirani asiye msharika, Mwislamu au wa dhehebu jingine, naye ataandikwa kwenye orodha.