Kashata ya saa nne

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Mbeya, pale pale Mwanjelwa. Nimerudi na mzigo wa viazi na swali moja ambalo limenisumbua njia nzima kwenye basi.

Iko hivi. Asubuhi moja dada yangu alikuwa anamfungia mwanawe chakula cha shule. Kijana yuko darasa la pili. Kwenye kontena kaweka ndizi mbivu moja na vipande vinne vya kashata ya karanga alivyotengeneza mwenyewe usiku uliopita. Kijana akaangalia, akagoma. Eti wenzake wanakuja na biskuti za pakiti, na kashata ni ya wale wasiofungiwa kitu, wanaonunua getini. Mama yetu alikuwa amekaa pembeni na ungo wake. Akacheka, akasema, "Hebu mwambie mjomba wako, si ndiye anayeandika kila kitu, akueleze kashata imetoka wapi."

Mjomba akajikuna kichwa. Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Naweza kukueleza bajeti ya wizara, lakini kipande cha kashata nilichokula miaka saba ya shule ya msingi sikijui asili yake! Mtoto akaenda shule, mimi nikabaki na deni. Leo nalilipa.

Kashata yetu ya nyanda za juu ina vitu viwili tu, karanga na sukari. Wenzetu wa pwani wana nazi, sisi nazi ilikuwa inakuja kwa gari na kuuzwa kwa bei ya mgeni. Kwa hiyo tuanze na karanga.

Karanga si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliozileta bara letu kuanzia karne ya 16. Zilipofika ziliwakuta wenyeji wamezoea njugu mawe, ambazo ndizo za Afrika hasa, nazo huzaa chini ya udongo vile vile. Labda ndiyo maana mgeni huyu hakusumbuliwa. Wakulima walikwishajua namna ya kumlima. Mpaka leo wenzetu wa Kenya wanasema "njugu karanga", kama vile unavyomtambulisha mtoto kwa jina la ukoo.

Kwa karne kadhaa karanga zikakaa kimya kwenye vishamba vya kando ya nyumba, mara nyingi mikononi mwa kina mama. Zikatiwa kwenye mboga za majani, zikakaangwa, zikasafiri mifukoni mwa watoto. Hakuna serikali iliyozitazama.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, kiongozi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, akapeleka wazo serikalini kwamba karanga zilimwe Afrika Mashariki kwa mashine, kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Mpango ukaanza mwaka 1947. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Kongwa ikawa makao, baadaye Urambo na Nachingwea zikaingia.

Wadau, someni hapa taratibu. Matrekta hayakutosha, wakachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, wakavigeuza kuwa matrekta. Mibuyu na vichaka vya Kongwa vikavunja vyuma. Mvua ikakataa. Udongo wa kule kiangazi hukakamaa kama saruji, na karanga ni zao linalozaa chini ya ardhi, sasa utaling'oaje kwenye saruji? Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuachana na mpango huo baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Inasimuliwa mpaka leo kwamba karanga walizoleta kwa ajili ya mbegu zilikuwa nyingi kuliko walizovuna.

Na wakati wote huo, bibi wa Kigogo na bibi wa Kisafwa walikuwa wanalima karanga zao kwa jembe la mkono, robo ekari au nusu ekari, wanavuna, wanakula, wanauza debe moja. Sisemi hivi kwa majivuno ya bure. Nasema kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba mpango wa karanga ulishindwa, tukaandika kwenye daftari, kisha saa nne ikigonga tukatoka nje kununua kashata ya karanga. Hakuna mwalimu wala mwanafunzi aliyeunganisha vitu hivyo viwili!

Haya, tuje kwenye sukari. Historia ya sukari ni chungu zaidi. Karne ya 19 bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba makubwa ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Abushiri bin Salim, yule aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo ya miwa. Ndiyo, shujaa wetu wa vitabuni alikuwa na shamba la aina hiyo. Historia haikai upande mmoja kama tunavyotaka.

Sukari nyeupe ya kiwandani ikaja baadaye. Miaka ya 1930 kiwanda cha TPC kikaanza Arusha Chini, kusini ya Moshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikafuata Kilombero. Kwa watu wa Mbeya Kilombero ndiyo ilikuwa jirani, na jirani huyo akasogea zaidi reli ya TAZARA ilipokamilika mwaka 1975, kwa sababu inakatiza bonde lile lile la Kilombero kabla ya kupanda kuja kwetu.

Mbeya yenyewe ni mji mchanga. Ulianza mwaka 1927, dhahabu ya Lupa kule Chunya ikiwa ndiyo iliyovuta watu. Baadaye barabara kuu ya kwenda Zambia ikawekwa lami, reli ikaja, na Mwanjelwa, ambayo barabara hiyo inapita kando yake, ikawa mahali pa kushusha na kupakia. Karanga zikashuka kutoka Chunya na upande wa Mbozi na Momba, ambao tangu 2016 ni mkoa wa Songwe. Sukari ikapanda kutoka Kilombero. Zikakutana sokoni Mwanjelwa. Hapo ndipo kashata ya utoto wangu ilipozaliwa.

Na wateja? Wateja waliletwa na serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto asome, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikaanza kutekelezwa. Madarasa yakafurika. Madawati yalikuwa haba, chakula cha shule ndiyo usiseme. Mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri na chai ya rangi alihitaji kitu cha kumfikisha saa nane. Kina mama wakaliona hilo mapema. Sinia kichwani, kashata zimekatwa vipande, wakakaa nje ya shule. Kipande kimoja cha karanga na sukari, kinashiba mfukoni, hakimwagiki, hakiozi, hakihitaji kijiko. Marekani ilikuwa mwaka 1975 kampuni ya General Mills ilipoanza kuuza vile vipande vyake vya shayiri vilivyogandishwa kwa utamu, ndani ya karatasi ya kung'aa. India wana chikki yao ya karanga na sukari guru. Kila mahali mzazi alikuwa na tatizo lile lile.

Kisha sukari ikapotea. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ikakaukiwa fedha za kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari na hata nguo vikawa vya foleni. Mwaka 1983 ikaja kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi. Mama anasimulia kwamba kilo moja ya sukari iliyopatikana kwa foleni ilifungiwa kabatini kama hati ya nyumba. Kashata ikaisha. Bibi akawa anachanganya karanga zilizotwangwa na asali kutoka Chunya, anafinyanga vidonge. Watoto walilalamika wanataka kashata ya kweli. Nilipomwambia dada yangu habari hii alicheka sana, maana leo kidonge kama hicho ukikifunga vizuri pale Masaki kitauzwa kama chakula cha afya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka ya 1970 na 1980 Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zilijulikana kama mikoa minne mikubwa ya mahindi, ghala la taifa. Mpaka leo nyanda za juu zinalisha nchi. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto waliodumaa chini ya miaka mitano ni asilimia 57 Iringa, na karibu nusu ya watoto wa Njombe na Rukwa. Wastani wa taifa ni asilimia 30. Yaani anayelima ndiye mwanawe hakui! Magunia yanapanda lori, watoto wanabaki na ugali mtupu na mama aliyechoka shambani.

Tusidanganyane, kashata haiponyi udumavu. Wataalamu wanasema mambo mengi huamuliwa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, na mtoto wa darasa la pili amekwishavuka hapo. Isitoshe sukari nyingi ina madhara yake kwa meno na mwili. Ninachosema ni kwamba tumezoea kuuza kile kilicho bora na kununua kile kinachong'aa. Biskuti aliyoitaka mpwa wangu ni ngano, sukari na mafuta. Kashata ya mama yake ina karanga, zenye protini na mafuta mazuri. Yeye aliona aibu kwa kilicho bora.

Lakini kuna sharti, nalo limo kwenye historia hiyo hiyo. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla. Walipochunguza wakakuta sumu kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa, sumu ya ukungu. Ndivyo dunia ilivyoifahamu ile tunayoiita sumukuvu. Haikubaki Uingereza. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki, chanzo kikiwa hasa mahindi. Kongwa ya karanga iko Dodoma hiyo hiyo. Na kukaanga hakuimalizi sumu hii.

Ndiyo maana ungo wa mama yangu ulinishtua. Asubuhi ile, wakati mjukuu wake anagomea kashata, yeye alikuwa anachambua karanga za kashata nyingine. Iliyosinyaa, pembeni. Yenye ukungu, pembeni. Iliyobadilika rangi au kupasuka, pembeni. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Nilipomuuliza alijibu tu, "Hizo chungu, zinaharibu kashata." Bibi yake alimfundisha hivyo. Hakusikia habari za bata mzinga, lakini mkono wake unajua. Uchambuzi huo hauondoi hatari yote, ila unaipunguza sana, na mtu anayetengeneza sinia kumi za kuuza kwa karanga za bei ya chini hana muda nao.

Kwa hiyo kwa mdau mwenye mtoto wa shule, dada yangu anafanya hivi. Vikombe viwili vya karanga kavu zilizochambuliwa, anakaanga kwa moto mdogo, anazimenya na kuzipepeta, anazitwanga kidogo zisiwe nzima, maana mtoto mdogo hupaliwa kirahisi. Kikombe kimoja cha sukari, au pungufu, anakiyeyusha sufuriani bila haraka hadi kiwe rangi ya asali, anatia iliki, anamwaga karanga na kugeuza upesi. Anamimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, anabapa kwa mwiko, anakata ingali moto. Ikipoa umechelewa, utaivunja kwa nyundo. Na kama darasani yuko mtoto anayedhurika na karanga, basi siku hiyo ndizi inatosha.

Soko la zamani la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006. Wafanyabiashara wakahamia kwingine, na mwaka 2011 soko la Sido nalo likaungua. Kila mara nilijua soko limepona nilipoona tena magunia ya karanga yamefunguliwa midomo na mama mmoja ameinama anachambua kabla ya kununua.

Jioni mpwa wangu alirudi. Nikamsimulia habari za vifaru vilivyolima karanga Kongwa vikashindwa. Akasikiliza mdomo wazi, halafu akauliza, "Sasa bibi aliweza vipi?" Mama hakujibu. Akamsogezea ungo, wakaanza kuchambua.

Kesho yake alibeba vipande sita. Viwili, alisema, ni vya rafiki yake mwenye biskuti.