"Haina Sukari" Ni Nusu ya Stori

Juzi nikiwa stejini hapa Kaplong nikingoja matatu ya Sotik, msee mmoja wa rika langu aliinua kichupa cha vodka akasema, "Hii iko safi, haina sukari. Bia ndio huleta kitambi." Wote wakakubali. Mimi nikanyamaza, na hiyo kimya imenisumbua hadi leo. Basi wacha niseme.

Tuanze mbali kidogo. Wakipsigis wa zamani walipika maiyek kwa wimbi. Unaloweka wimbi, unaliacha liote, unalianika, unalisaga. Hiyo ndiyo kimea, na kazi yake ni kugeuza wanga wa unga kuwa sukari. Chachu inakula ile sukari na kutoa pombe. Unga mwingi ulibaki chunguni, kwa hivyo kinywaji kilikuwa kizito, karibu uji. Wazee walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, rogoret. Vijana kama sisi? Hatukuwa na mrija hapo.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka wa 1922 Kenya Breweries ikaanzishwa Ruaraka, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka 1947. Mwaka wa 1980 serikali ikapitisha sheria ya kupiga chang'aa marufuku kabisa, na sheria hiyo ilidumu hadi 2010. Kwani watu waliacha? Wapi! Pombe ilijificha mtoni. Na mtu anayejificha hana muda wa kuotesha wimbi. Ukiwa na sukari nguru huhitaji kimea, chachu inaanza kazi mara moja. Halafu unachemsha, unakusanya mvuke, unapata kitu cheupe kama maji.

Hapo ndipo yule msee wa steji ana ukweli nusu. Mvuke haubebi sukari. Chang'aa, vodka, gin, zote hazina sukari zikitoka mtamboni. Lakini nguvu ya ile sukari haikupotea, imegeuka tu kuwa pombe. Gramu moja ya sukari ina kalori 4. Gramu moja ya pombe ina kalori 7. Kichupa cha mililita 250 chenye asilimia 40 kina karibu gramu 79 za pombe, yaani kalori 550 hivi. Hizo ni sawa na vijiko 34 vya sukari kwenye chai yako. Na bado hujaongeza soda.

Sasa kwa nini nimekasirika? Mjomba wangu ana ugonjwa wa sukari na anajidunga insulini. Alisikia maneno hayohayo, akaacha bia akahamia kwa zile kali, eti "hazina sukari." Jioni moja alikunywa bila kula, akaanguka kando ya barabara. Watu walimpita wakicheka, "Huyo amelewa." Hakuwa amelewa tu. Ini likishughulika na pombe, halitoi sukari kwa damu inavyofaa. Ukichanganya na insulini na tumbo tupu, sukari inashuka hadi unazima. Alipatikana mapema, akapona. Angelala pale usiku mzima, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Sisemi turudi kwa chungu. Wazee nao walilewa, tusidanganyane. Lakini mzee akizima pale kwenye mrija, wenzake walikuwa karibu wanamwona. Sisi tunakunywa kichupa peke yetu nyuma ya kibanda, tukiamini neno moja lililobaki la hadithi ndefu.

Kwa hivyo ukiona mtu unayejua ana sukari ameanguka, usimpite. Kama anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari. Kama amezima, usimwagie kitu mdomoni, mlaze kwa upande na umkimbize hospitali. Na yule msee wa steji, kama unasoma hii: wakati ujao sitanyamaza.