Kutoka Pazia la Likoni hadi Hazina za Mtandaoni: Biashara ya Picha Ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa

Biashara ya picha Mombasa imekuwa na wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayepigwa picha na kuilipia mwenyewe, akaitundika ukutani au akaituma kwao. Wa pili hamjui aliyepigwa wala hana haja ya kumjua. Yeye hununua picha kwa kuwa inafaa shughuli yake: postikadi, kitabu cha shule, tangazo la benki, kalenda. Ng'ambo ya kisiwa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi, mteja wa kwanza ndiye aliyewalisha wapigapicha kwa muda mrefu. Lakini wa pili ndiye aliyetangulia kufika, na sasa amerudi kwa njia ya intaneti.

Ufundi wa picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Katika nusu ya pili ya karne hiyo ulikuwa umeshika mizizi Zanzibar, mikononi mwa Wagoa kama A. C. Gomes na jamaa wa Coutinho, na jina la Coutinho likaja kuonekana pia kwenye postikadi za Mombasa. Ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza 1896 ukaleta kazi mpya. Reli ilivuka Makupa, ikapita Changamwe na kupanda bara hadi ilipofika ziwani mwaka 1901, na mpigapicha William D. Young akaifuata na kamera yake. Picha zake za madaraja, vibarua na vituo hazikununuliwa na vibarua. Zilinunuliwa na maofisa, wasafiri na watu wa Ulaya waliotaka kuona fedha ya serikali ilikokwenda.

Postikadi ndiyo iliyokuwa hazina ya picha ya zama hizo. Mwaka 1902 Posta ya Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani viandikwe upande mmoja wa kadi, upande wa pili ukabaki wote wa picha, na mahitaji yakapanda ghafla. Kioo kimoja cha negativu kiliweza kutoa mamia ya kadi, nyingi zikichapishwa Ujerumani na kurudishwa pwani kuuzwa kwa abiria wa meli. Maelezo chini ya picha yalitaja kabila, kazi au mahali: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, mnazi wa Kilindini. Jina la mtu lilitajwa kwa nadra. Fedha ya kadi ilimwendea aliyeziuza, na aliyesimama mbele ya kamera hakuwa na sehemu katika hesabu hiyo.

Baada ya vita vya pili vya dunia mizani ilielemea kwa mteja wa kwanza. Wafanyakazi wa bandari, makarani na mafundi walikuwa na mshahara, na mshahara ulitaka ushahidi. Studio za kisiwani zikawa mahali pa kwenda baada ya sala ya Idi, kabla ya harusi au siku ya kununua suti ya kwanza. Iliyovuma zaidi ni ya N. V. Parekh, ambayo kuanzia miaka ya 1940 iliwapiga picha Waswahili, Wahindi, Waarabu na wabara bila kubagua, kwa taa na mikao iliyofanana na ya sinema za Bombay na Hollywood. Mtu wa Kisauni alifika huko kwa daraja la Nyali, lile la kuelea la mwaka 1931 na baadaye la zege lililofunguliwa 1980. Wa Likoni alivuka kwa feri. Mitaa ya ng'ambo yenyewe ilibaki na vibanda vya picha za pasipoti na vitambulisho, kazi isiyo na sifa lakini yenye uhakika: serikali ilipohitaji sura ya raia, raia alihitaji fundi.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kando ya njia iendayo kwenye feri ya Likoni, kukazuka jambo ambalo halikuwa limeonekana pwani. Wapigapicha waliokuwa wakizunguka mitaani na kamera shingoni walisimamisha vibanda vya mbao na vitambaa na kuvigeuza kuwa studio za wazi. Wengi wao walikuwa wabara. Nyuma ya mteja walitundika pazia kubwa lililochorwa na mafundi wale wale waliochora vibao vya maduka na mbavu za matatu. Pazia lilionyesha meli kubwa baharini, ndege ikiruka, majumba marefu ya mji usiojulikana, au mlima na tembo. Pembeni kuliwekwa maua ya plastiki, mapambo ya Krismasi na zulia. Mteja alivua ndara zake akasimama wima. Baada ya siku chache alirudi kuchukua picha inayomwonyesha akiwa safarini.

Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Feri hiyo, ambayo watembea kwa miguu huipanda bila nauli, imekadiriwa kubeba zaidi ya watu 300,000 kwa siku, na mtu anayesubiri feri ana muda, hata kama hana pesa nyingi. Wateja wakuu walikuwa vijana kutoka bara: askari wa usiku, mayaya, vibarua wa bandari, wapishi wa hoteli za Diani. Walikuja Mombasa kutafuta, na picha ilikwenda nyumbani kabla yao. Mchoro wa meli ulisema kwamba aliyeondoka kijijini amefika kwenye maji makubwa, hata kama walilala watu sita chumba kimoja Mtongwe, upande wa Likoni. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Heike Behrend aliyezichunguza studio hizi aliziita safari za kubuni, na mwaka 1998 picha za aina hiyo ziliingia katika maonyesho ya makumbusho mjini Munich. Hilo lina kejeli yake, kwani picha zilizotengenezwa ili mtu wa Likoni aonekane amesafiri ndizo zilizosafiri.

Biashara iliyowategemea wabara pande zote mbili za kamera ilikuwa dhaifu mahali pamoja. Tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kuua maofisa, na kwa wiki kadhaa wabara walishambuliwa, nyumba na vibanda vikachomwa, maelfu wakakimbia. Hata waliorudi waliikuta njia ya feri imepoteza wateja. Halafu ikaja kamera ya dijitali, kisha simu. Kila chombo kilipopungua bei, fundi alipungua thamani. Tangu pasipoti ya kielektroniki ianze kutolewa mwaka 2017, picha ya mwombaji hupigwa ofisini kwa afisa wa uhamiaji, na mkate mwingine wa kibanda ukamegeka. Kamera za kukodi zilibaki na nguvu ufukweni, hasa ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao watu huuita Pirates. Huko mtalii wa ndani hupigwa picha juu ya ngamia na kukabidhiwa nakala kabla hajakausha nguo.

Wakati studio zikiishi kwa mteja wa kwanza, wa pili alikuwa akihudumiwa kutoka kwingine. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, kisha akaihamishia Nairobi. Kampuni hiyo iliuza habari, lakini pia ilikusanya maktaba ya picha za Afrika Mashariki ambazo wachapishaji wa vitabu na majarida waliweza kuzilipia kila walipozihitaji. Hii ndiyo maana kamili ya picha za akiba: hupigwa leo bila mnunuzi, huhifadhiwa, kisha hukodishwa kwa leseni mara nyingi kadiri soko linavyotaka. Marekani kazi hiyo ilikuwa imeanza mapema, kwa wakala wa H. Armstrong Roberts wa Philadelphia mwaka 1920. Kwa miongo mingi mlango ulikuwa mwembamba: wakala alichagua wapigapicha wachache, na leseni ya picha moja iliweza kugharimu mamia ya dola.

Mlango ulipanuliwa na intaneti. Getty Images ilianzishwa mwaka 1995 na kuanza kununua maktaba za zamani. Mwaka 2000 Bruce Livingstone wa Calgary, Kanada, alifungua iStockphoto, mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuweka picha zake, na ambapo picha zilikuja kuuzwa kwa senti badala ya mamia ya dola. Shutterstock ya Jon Oringer ilifuata mwaka 2003 kwa mpango wa mnunuzi kulipa ada ya mwezi na kupakua atakacho. Getty iliinunua iStockphoto mwaka 2006 kwa dola milioni 50, na Adobe ikaichukua Fotolia mwaka 2015 kwa dola milioni 800. Mombasa ilijiunga na soko hili kwa maana halisi mwaka 2009, nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipotua kutoka baharini. Kabla ya hapo, kupakia picha mia moja nzito kutoka saibakafe ya Kisauni kulikuwa kazi ya usiku kucha.

Kwa mtu mwenye kamera nzuri na kazi nyingine ya mchana, hesabu ilivutia. Picha za harusi zililipa siku ya harusi tu. Picha iliyo mtandaoni ingeweza kulipa huku mwenyewe amelala. Lakini soko hilo lina macho yake. Mnunuzi wa London anapotafuta Mombasa huandika maneno ya Kiingereza, na anachotarajia kuona ni mchanga, minazi, Ngome ya Yesu na pembe za Barabara ya Moi, vitu ambavyo tayari vimepigwa mara elfu. Mama anayekaanga mahamri alfajiri Magongo, wachongaji wa Kikamba wa Changamwe, foleni ya tuktuk Kongowea: hivi ni vigumu zaidi kuvipata katika hazina hizo, na vilevile haviombwi na wengi. Mpigapicha anayejua mtaa wake hulazimika kuueleza kwa maneno ya mtu asiyeujua. Shirika lililoanzishwa na Josiane Faubert kwa ajili ya picha za Waafrika lilijipa jina la Kiswahili, Picha, kwa sababu pengo hilo lilikuwa limeonekana.

Kuna pia mipaka ya sheria. Picha ya mtu anayetambulika haiuziki kwa matangazo bila fomu ya ridhaa aliyoitia saini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imetia nguvu jambo hilo nchini: mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja bila idhini yake. Bandari ya Kilindini ni eneo linalolindwa, na kivukoni Likoni, pale pale palipokuwa na mapazia ya meli, anayeinua kamera huamriwa na walinzi aishushe. Ndege zisizo na rubani zina kanuni zao za mwaka 2020 na leseni zao.

Pesa yenyewe hupitia mikono mingi. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha unaotokana na wanunuzi wa huko hukatwa asilimia 30 kabla haujaondoka. Tangu Aprili 2018 salio la PayPal limeweza kuhamishiwa M-Pesa, na hapo shida ya kupokea ikapungua, ikabaki ya kupata. Juni 2020 Shutterstock ilibadilisha malipo: mgawo ukaanza asilimia 15 na kupanda kwa idadi ya mauzo, ngazi zikarudishwa chini kila Januari 1, na kiwango cha chini kikawa senti 10 za dola kwa picha. Kwa kiwango hicho, dola 25 zinahitaji picha zipakuliwe mara 250. Mpigapicha wa Pirates huifikia hesabu hiyo kwa nakala za Jumapili moja ya Desemba, na wateja wake hulipa papo hapo.

Mwaka 2022 programu zinazochora picha kwa amri ya maneno zilifika kwa umma. Oktoba mwaka huo Shutterstock ilitangaza ushirikiano na OpenAI pamoja na mfuko wa kuwalipa wachangiaji ambao picha zao zilitumika kuifunza mitambo. Getty ilizikataa picha za mashine, kisha mwaka 2023 ikaishtaki moja ya kampuni zenye programu hizo, Stability AI. Januari 2025 Getty na Shutterstock zikatangaza mpango wa kuungana. Picha ya jumla, kama vile ufukwe mtupu au mikono juu ya kompyuta, ndiyo iliyopoteza thamani kwanza, kwa kuwa mashine huitengeneza bila kutoka nyumbani. Picha ya habari yenye tarehe na mahali, kama daraja la kuelea la waenda kwa miguu la Likoni lilipoanza kutumika, haina mbadala wa namna hiyo.

Wateja wawili wa zamani wametenganishwa hata katika umiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mpigapicha haki kwa miaka 50, lakini kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa yake aliyeiagiza, ila kama walikubaliana vinginevyo. Picha iliyowekwa katika hazina ya mtandaoni ni mali ya aliyeipiga. Kwa kipimo cha kifungu hicho, ile ya yaya aliyelipa kusimama mbele ya meli ya kuchorwa Likoni ni ya yaya.